Pasi Akiwa Binti wa Miaka Kumi na Minne

Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kibanda cha kinyozi, mguu wake mmoja umewekewa tofali, na birika la kahawa liko chini. Kila jioni hukaa hapo watu watatu ambao hakuna jambo duniani lisilowahusu. Hakimu ndiye kinyozi. Jina kalipata kwa kuwahukumu wateja wakiwa wamefungwa shuka shingoni, hawawezi kukimbia. Breki aliendesha lori mpaka macho yakamgomea. Wa tatu ni Pasi, dobi, mwenye vidole vilivyochunwa na sabuni, na baba wa binti wa miaka kumi na minne. Jioni hiyo Pasi alifika na barua ya shule, kainyanyua juu kama aliyemkamata mwizi.

— Sikieni ujinga huu! Kesho darasani kuna igizo. Watoto wawili wanakaa wamepeana migongo, wanarushiana vikaratasi, eti wanachati. Mmoja ni mwanafunzi, mwingine ni mtu asiyemjua anayemrubuni. Na huyo mrubuni ni mwanangu! Halafu nitie sahihi!

— Usitie, — Hakimu akakata shauri hata kahawa hajaimeza. — Walimu wamekosa la kufundisha. Sisi nani alituchati?

— Simu zenyewe hazikuwepo, — akasema Breki.

— Ndiyo hoja yangu!

Breki akajisogeza mbele, dalili kwamba sasa anashusha lake.

— Mimi nawaambia, hao matapeli hawapo. Ni mashine. Kuna jumba lina mashine elfu, kila moja imepewa picha ya kijana mtanashati.

— Umeliona wapi? — Pasi akauliza.

— Nimepita nje yake na lori. Lina ukuta mrefu. Ukuta wote ule wa nini?

Hakuna aliyepinga. Kwa hawa watu, ukuta mrefu ni ushahidi tosha.

— Tapeli anajulikana kwa maandishi, — akasema Hakimu. — Haweki nukta. Mtu mwema huweka nukta.

— Mimi hawanipati hata wakeshe, — Pasi akajipiga kifua. — Na mwanangu ana damu yangu. Siku nikisikia kuna mtu anamwandikia, simu naipiga chini, naikanyaga, kisha yeye ndiye atakayenieleza walijuana wapi!

— Basi tujaribu, — Hakimu akamwambia. — Mimi tapeli, wewe binti yako.

Wakapeana migongo pale benchini, wanaume wawili wenye mvi, hata haya hawana.

— Mambo? — akaanza Hakimu, sauti kailainisha.

— Poa. Wewe nani?

— Rafiki wa rafiki yako.

— Yule ninayekaa naye dawati moja?

— Huyo huyo! Kanisimulia habari zako. Mbona leo umenyong'onyea?

— Nimechoka tu na nyumbani.

— Baba mkali?

— Yule? Hasikilizi. Ukifungua mdomo tu keshaanza kufoka, mpaka unasahau ulitaka kusema nini.

Maneno hayo Pasi hakuyapanga, yalimtoka tu. Alikumbuka mara ngapi binti yake ameanza sentensi mezani akaiachia njiani.

— Pole sana, — Hakimu akaendelea, kanogewa. — Basi haya yawe yetu wawili. Usimwambie mtu.

— Sawa.

Breki akajipiga paja, kahawa ikamwagikia suruali.

— Umekwisha! Hata kahawa haijapoa, umekwisha!

— Si nilikuwa naigiza! — Pasi akafoka.

— Shikamooni, — ikasema sauti nyuma yao.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni kwa kinyozi, sare mwilini, begi begani. Kasimama hapo tangu lini, hakuna aliyejua.

— Marahaba, — wakaitikia kwa pamoja, kinyonge.

— Baba, naomba barua. Mwalimu anazikusanya asubuhi.

— Sijaamua bado.

— Umesoma na nyuma?

Watu wazima watatu wameibishania barua jioni nzima, na hakuna hata mmoja aliyeigeuza. Pasi akaigeuza. Palikuwa na mstari mmoja wa kujazwa na mwanafunzi: mtu mzima nitakayemwambia kwanza nikisumbuliwa mtandaoni. Neno “Baba” lilikuwa limeandikwa hapo kwa penseli, likafutwa, likaandikwa tena, likafutwa tena, mpaka karatasi ikawa inapitisha mwanga.

— Nilitaka kukuandika wewe, — akasema binti, macho kwenye viatu vyake. — Ila nikaona nikuulize kwanza. Nikija kukwambia, utanisikiliza mpaka nimalize?

Breki akainamia kikombe kilichokuwa tupu. Hakimu akakumbuka kwamba ndani kuna taulo za kukunja, akaondoka bila kuhukumu chochote. Pasi aliona aibu ambayo hakuwahi kumwonea mteja wala jirani. Alitaka kusema ndiyo, neno fupi tu, lakini mtoto alikuwa ameinua macho sasa, na alikuwa amesikia yote, hata ile ya kuikanyaga simu.