Bwana Badruddin na Mashini ya Kuvuta Mkono

Bwana Badruddin Adamji atastaafu tarehe 30 Septemba 1968, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kutoa mizigo hapa Kilindini. Aliingia akiwa karani wa kunakili hati. Anatoka akiwa karani mkuu, na bado huja kwa miguu kutoka Makadara kila asubuhi. Makarani walitaka mchukuzi mmoja aandike maneno haya. Nimekubali, kwa kuwa yeye ndiye sababu ya mimi kuwa kazini mpaka leo.

Mengine watayasema wenzangu. Mimi nitasema la mashini.

Mwaka 1964 ofisi ilitaka kununua mashini ya hesabu. Zikaletwa mbili kwa majaribio. Moja ya umeme, jibu linatokea kidirishani kabla hujavuta pumzi, kisha linafutika. Ya pili ya kuvuta mkono, nzito, inalia kama cherehani kavu, ila kila namba inaichapa kwenye utepe wa karatasi. Bwana mkubwa alikwisha kuipenda ya umeme. Bwana Badruddin aliomba wiki moja, kila hesabu ipite kwenye zote mbili. Ofisi nzima ilimcheka.

Siku ya nne tulihamisha mablanketi. Kalama, kiongozi wetu, alitaja hesabu kama wafanyavyo wauza nguo wa pwani: kila mkokoteni korija mbili, mikokoteni ishirini. Kingi, karani mpya kutoka bara, akabonyeza namba papo hapo kwenye mashini zote mbili, bila kuandika popote. Jibu likatoka 480. Hati ya meli ilisema 800, na mzigo ulikuwa umeshaondoka kwa treni. Mchana sisi wachukuzi sita tukaambiwa ni wezi, tusirudi kesho. Juzi yake tu nilikuwa nimemwandikia mke wangu kule Siaya kwamba nimepata kazi ya kudumu.

Bwana Badruddin akauchukua utepe. Ulisema 24, 24, 24, mpaka chini.

"Bwana Kingi, korija ni ngapi?"

"Si dazeni, mzee?"

"Ni ishirini, baba."

Kalama akamwambia, "Karani, siku ukioa usiende kununua nguo za harusi peke yako."

Mimi sikucheka. Mwaka wangu wa kwanza Mombasa nilidhani korija ni aina ya kikapu.

Bwana mkubwa alinung'unika kwamba ya mkono ni polepole. Bwana Badruddin akamjibu, "Ya umeme itakupa jibu upesi, liwe kweli au uongo. Kazi yetu ni mizigo ya watu. Nataka mashini inayoniacha nitazame nyuma." Ikanunuliwa ya mkono. Kingi naye hakufukuzwa. Bwana Badruddin alikataa, na sasa Kingi ndiye atakayeshika nafasi yake.

Sasa inasemwa kuna mashini nyingine inakuja, kubwa kama kabati, ya kufanya hesabu za ofisi nzima. Tunaizungumzia kila tukitua mizigo, na hatutulii. Hakuna aliyetuambia mtu akikosea itabaki alama gani, wala nani atakayeitafuta kabla sisi hatujaitwa wezi.

Bwana Badruddin, asante kwa siku ile. Mungu akupe afya, wewe na watu wa nyumbani. Pumzika, umestahili. Lakini ukisikia mashini hiyo imefika, tafadhali pita ofisini kabla hawajatia saini.

Joab, mchukuzi