Niliyoyasema Mabela

Ndugu zangu mlio kama mie, nashukuru mlivyonifungulia mlango. Sitomtaja mtu, na jina langu nalo mliache humu humu.

Nimekulia Amerat, nyuma ya milima ya mji huu. Nilipofika chuo kikuu nilishajua moyo wangu hauelekei kwa wanawake. Nkanyamaza. Nkaswali, nkafunga, nkaomba niamke mtu mwengine. Nawaambieni, dua ya kujikataa inakula mwili. Nilikonda, mama akanipeleka hospitali. Wakasema sina ugonjwa.

Nyumbani wakaona dawa ni mke. Wakanichumbia binti wa ami yangu. Nkasema siko tayari. Ami hakunigombeza. Alimaliza kahawa yake, akasema, "Tutakutayarisha."

Asubuhi yake kaka akanambia nipande gari. Simu yangu keshaichukua.

"Tunakwenda wapi?"

Akatia gari moto. Tukaipanda ile milima, tukashuka, mpaka Mabela, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba mpya ya ami ambayo bado haina watu. Ami keshatangulia; wakanitia chumba chenye nondo dirishani, wakafunga kwa nje. Akaletwa mtu wa kunisomea Kurani ati anitoe shetani, na fimbo mkononi. Kaka alikuwa nyuma ya mlango, ananisikia nnavyolia. Hakuingia.

Nilishaamua kufa, ndugu zangu. Sikufichini.

Siku moja mchumba wangu akaniletea chakula. Ami na kaka wamekaa ukumbini. Akaweka sinia, akanambia kwa sauti ya chini, "Nambie kweli. Wanitaka?"

"Sikutaki wewe, wala mwanamke yeyote. Ndivyo nilivyo."

Maneno hayo nilikuwa sijapata kuyatamka hata peke yangu. Nkangojea apige kelele. Alilia kidogo, akajifuta kwa shela yake. "Basi Mungu kaniepusha kuolewa na maiti," akasema. "Nakwenda kuwambia simtaki mtu huyu. Mlango siufungi. Pitia jikoni."

Nkasikia ami anafoka, nkasikia na kofi alilopigwa. Nkatoka pekupeku mpaka barabarani.

Leo nna kazi hapa Ruwi. Nnaswali, wala siombi tena kuwa mtu mwengine. Lakini wiki hii nimeiona gari ya kaka chini ya jengo hili. Sijui ananitafuta kwa hamu au kwa shari.

Namshukuru bint ami, popote alipo. Nakushukuruni nyinyi mlionipa pa kulala. Nililojifunza: jiambie kweli mwenyewe kwanza, kisha mchague sana wa kumwambia.

Sasa tushukeni ngazi mmoja mmoja, kaka asituone pamoja. Mie ntakuwa wa mwisho.