Fundi Aliyeshindwa Kukosea

Kahawa ilikuwa ya moto, lakini kijiweni petu palikuwa kimya kama msibani. Msumari, seremala wetu, alikuwa amepata nafasi kwenye komedi ya zamani pale ukumbini. Anaigiza seremala bwege: meza inayumba, anakata mguu mmoja, inayumba zaidi, anakata mwingine, hadi meza inalala chini. Kumbe jamaa hawezi! Kila mazoezi, meza inasimama imara. Mama mwongozaji kamwambia leo ndiyo mara ya mwisho. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa karani wa benki. Na mama yake Msumari ameshawaalika majirani wote.

MSUMARI: Mkono unakataa, jamani. Nikiupinda, msumeno unarudi wenyewe kwenye mstari.

CHEREHANI, fundi nguo: Fumba macho. Mimi nilishona suruali nimefumba macho, mteja akalia.

BRASHI, fundi rangi: Wewe hata ukifumbua wanalia. Msumari, shida ni msumeno. Umezoea kazi halali. Azima wa mwizi.

MIMI: Mwizi gani ana msumeno?

BRASHI: Ndiyo maana hakamatwi!

CHEREHANI: Jaribu hapa hapa. Kata benchi letu.

MSUMARI: Benchi nililounda mwenyewe?

CHEREHANI: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Mkuu ni mimi, guu ni lile pale. Kata!

Tukainuka, akakata, tukakaa. Lahaula! Benchi limetulia kuliko jana. Msumari akashika kichwa, machozi yanamlengalenga. Nilimhurumia mno, nikaropoka uongo ili aendelee kukata:

MIMI: Upande wa Brashi bado uko juu kidogo.

BRASHI: Wangu? Wako ndio uko juu! Kata kwa huyu.

CHEREHANI: Katikati!

BRASHI: Katikati kuna mguu?

MSUMARI: Semeni mmoja mmoja basi!

CHEREHANI: Samaki mkunje angali mbichi! Kata, usiulize!

Akakata huku, akakata kule, anatusikiliza sote, hamsikii yeyote. Tunakaa, tunayumba, tunainuka, tunagombana. Mwisho tukajikuta chini, magoti masikioni, vikombe mikononi.

Kumbe mama mwongozaji alikuja kumfuata Msumari na alikuwa nyuma yetu kitambo, kaegemea ukuta, anacheka huku anafuta machozi.

— Hivyo hivyo, Msumari! Nafasi ni yako. Ila hawa wenzako ni waigizaji wa kundi gani?

Tukatazamana. Brashi akajifanya anapuliza kahawa. Msumari akaangua kicheko, akatuvuta mikono mmoja mmoja tusimame twende naye ukumbini, maana mazoezi yalikuwa yanaanza.