Magoti ya Mzee Badawi Juu ya Vuria

Mheshimiwa Imamu, mashekhe na wazee wetu wa Kibokoni, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi kina mama mlio nyuma ya pazia: assalaam aleikum.

Mimi Hadi, seremala wenu, nimepewa kazi ya kumuaga muadhini wetu, Mzee Badawi, ambaye mwezi uliopita alinikabidhi ufunguo huu wa mnara akisema magoti yake hayaviwezi tena vidato thelathini na vitatu. Nani angembishia mtu aliyetuamsha alfajiri miaka ishirini na sita? Bi Jawahir, mkewe, akatushauri: "Mchukueni bara akapunge upepo kabla hamjamuaga." Basi twalipanda gari la moshi hadi Voi, tukakodi punda wa kumbeba mgonjwa, na mpagazi wetu Tsuma akatuongoza kwenye milima ya Taita.

Jamani, mgonjwa gani! Siku ya pili punda aligoma, akaketi njiani. Mzee Badawi akateremka, akakunja kanzu, akashika njia ya Vuria, mlima unaoipita yote ya huko kwa urefu. Mimi mwenye magoti mazima na tumbo la sambusa nalikuwa nyuma natweta, nimeng'ang'ania upindo wa shuka ya Tsuma. Tsuma akaniuliza, "Mgonjwa wenu ni yule au ni wewe?" Mwamwona Mzee yuwacheka! Cheka, baba, siri imetoka.

Kileleni mawingu yalikuwa chini yetu, baridi yatugonganisha meno, nasi twacheka kama watoto wa chuo cha Kurani waliofunguliwa mapema. Nikamwuliza: Mzee, yale magoti yako wapi? Akasema, "Hadi, magoti hayana neno. Naliwasikia vijana barazani wakisema sauti yangu imechakaa. Naliona bora niondoke kabla sijaondolewa."

Adhuhuri ikaingia, akaadhini. Sauti ikakwaruza palepale inapokwaruza kila siku, nami mtu mzima nikalia, kwani mkwaruzo ule ndio niuamkiao. Sauti laini ingenibembeleza nikazidi kulala. Vijana, nasema uongo? Mbona mwainamisha vichwa?

Safari ya kurudi siwasimulii. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na ngoma ile, Imamu unisamehe, naliicheza kwa makalio.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Imamu, kazi mliyonipa imenishinda. Nitamuagaje mtu aliyeniacha nyuma mlimani? Na sauti yake twaitaka, Mzee, twaitaka hivyo hivyo ilivyo. Ufunguo wako huu hapa. Upokee, mkono wangu wachoka.

Haya! Ameupokea! Kina mama, vigelegele viko wapi?

Nanyi nyote nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Ningeendelea, lakini alasiri imeingia, na mwenyewe ameshaanza kupanda vidato.