Poda ya Ange Feza Kitenge

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, ndugu mliotoka Pangi na Kibombo, majirani wa Mikelenge, wauguzi, wanafunzi, na ninyi akina mama ambao watoto wenu walipita mikononi mwake, familia imenipa mimi, Zéphirin Kitenge, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea njia aliyopita hapa duniani, na ninawaomba mnivumilie, kwa sababu maisha yangu yote nimemwita Yaya, dada mkubwa, na leo ni mara ya kwanza ninazungumza kwa muda mrefu bila yeye kunikatiza.

Mama Ange Feza Kitenge alizaliwa hapa Kindu tarehe 14 Machi 1980, mtoto wa kwanza wa marehemu Louis Kitenge, mwalimu kutoka Pangi, na wa mama yetu Jeanne, muuza mchele, ambaye Mungu amemjalia uhai na ndiye huyu aliyeketi mbele yenu. Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na kuimaliza mwaka 1992, na wale waliosoma naye watakumbuka kwamba alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, asiyeweza kuona kidonda cha mwenzake bila kukishika. Sisi wadogo zake alitupanga mstari kila Jumapili kabla ya misa akatukagua kucha na masikio, na ole wako kama umeoga nusu.

Mwaka 1994 aliingia shule ya uuguzi, akasoma miaka minne, na mwezi wa Juni 1998 akafanya mtihani wa serikali. Mnajua desturi yetu, mtu akifaulu hapewi pongezi za mdomo tu, anamwagiwa poda, kichwani, mabegani, mgongoni, mpaka anatembea mjini mweupe kama ametoka kusaga unga, na kila anayemwona anajua kuna nyumba yenye furaha. Mama hakungoja matokeo, alinunua kopo zima la poda mwezi wa Julai, akalifunga katika kitenge chake kizuri, akaliweka juu ya kabati, nasi watoto tukawa tunalitazama kama watu wanaongojea sikukuu. Lakini kabla majina hayajasomwa vita vilianza, na mwezi wa Oktoba vilipofika Kindu tulivuka mto kwa pirogi hadi Alunguli, tukashika njia ya Pangi kwa miguu, baba akibeba sufuria, mama akibeba kile kitenge na kopo lake ndani.

Kule msituni watoto wa wakimbizi walitoka vipele vya joto mwili mzima, hawalali, wanalia mchana kutwa, na dada yangu, mwenye miaka kumi na minane, akamwomba mama kopo. Mama alikataa kabisa, akasema, "Ile njo yako, ya siku yako," na Yaya akamjibu, "Siku yangu njo hii, mama, leta." Aliwaosha watoto wale kwa maji yaliyochemshwa, akawakausha, akawapaka kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya Noeli poda ilikuwa imekwisha. Habari kwamba amefaulu ilimfikia mwaka uliofuata, njiani, kutoka kwa mwenzake wa darasa waliyepishana naye, kwa hiyo jina lake halikusomwa mbele ya watu wowote, na hakuna aliyemmwagia chochote.

Tulirudi Kindu mwaka 1999, naye akaanza kazi katika chumba cha uzazi cha kituo cha afya hapa Mikelenge, kazi ambayo hakuiacha hadi ugonjwa ulipomlaza. Wazee mnakumbuka hali ilivyokuwa, treni haiji, chumvi inauzwa kwa kijiko, na mwaka 2002 hata shambani hakuendeki, kwa kuwa mji ulikuwa umezingirwa. Wauguzi walifua glavu za mpira, wakazichemsha, wakazianika kwenye kamba nyuma ya kituo, na Yaya alikuwa akiimba akizianika, nyimbo za kwaya alizozibadilisha maneno ili kututania sisi tuliokuja kumpelekea muhogo wake wa mchana. Ni ajabu kusema hivi, maana ilikuwa miaka ya njaa na hofu, lakini mara nyingi ninaitamani, si kwa vita, ninaitamani kwa ajili ya kamba ile na sauti ile, na sisi sote bado tulikuwa chini ya paa moja, baba yupo, na Yaya akirudi nyumbani anatuambia leo tumepata watu wapya wawili mjini.

Treni iliporudi, ililetea Kindu mafuta, sabuni, na fundi mmoja wa injini aitwaye Arsène Mwamba, ambaye alikuja kituoni kutibiwa kidole kilichobanwa na chuma, akaendelea kuja hata kidole kilipopona. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Novemba 2005, na Mungu akawajalia watoto watatu, Bienfait mwaka 2006, Divine mwaka 2008, na Louis mwaka 2012. Shemeji Arsène, umemtunza dada yetu miaka karibu ishirini, hukumrudisha kwetu hata siku moja akilia, na familia ya Kitenge inakuambia hadharani kwamba wewe ni mtoto wetu.

Kila mtu aliyefaulu katika ukoo huu poda yake ilitoka mkononi mwa Yaya. Mimi alinimwagia mwaka 2005, Bienfait alimmwagia mwaka 2024, na mbuzi wa jirani aliyekuwa anapita akapata sehemu yake. Maneno yake yalikuwa yale yale siku zote, "Inamisha kichwa, funga macho!", kwa sababu hata katika furaha alikuwa muuguzi, hakutaka poda imwingie mtu machoni. Tukimaliza kucheka alikuwa akijikung'uta mikono na kusema kwamba yeye bado hajamwagiwa, nasi tulidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Mwezi wa Oktoba 2023, akiwa na miaka arobaini na mitatu, alijiandikisha kusomea shahada ya licence ya uuguzi kwa njia ya kasi, iliyofunguliwa kwa wauguzi wenye diploma na uzoefu wa kazi, ambapo masomo ya miaka mitatu yanabanwa katika miwili. Asubuhi alizalisha, alasiri akakaa darasani na vijana wa umri wa mwanawe, ambao walimchagua kuwa mkuu wa darasa, wakamwita Mama Promotion, yaani mama wa darasa zima. Watu walimuuliza shahada ya nini kwa mtu ambaye mji mzima unamjua, naye akajibu, "Nataka wasome jina yangu, na mimi niko pale nasikia."

Takwimu zilimtesa. Mhadhiri wake wa somo hilo, Bwana Soudi, aliyeko hapa nasi, alizaliwa mwaka 1999 mikononi mwa mwanafunzi wake huyo huyo, na alipompa nane juu ya ishirini, Yaya alimfuata mlangoni akamwambia, "Soudi, mimi njo nilikukamata wa kwanza, mbele hata ya mama yako, na leo unanipa nane?" Bwana Soudi alimjibu kwa heshima zote, "Mama, nane iko nane." Yaya alicheka mpaka akashika ukuta, akarudi nyumbani, akamkalisha Bienfait mezani amfundishe, na alipofanya tena mtihani alipata kumi na mbili.

Mwezi wa Aprili mwaka huu alianza kusikia maumivu ya tumbo, na mwezi wa Mei madaktari walituambia kwamba ni ugonjwa wa ini, na kwamba wamechelewa kuugundua. Aliendelea na mafunzo ya wodini hadi miguu ilipovimba, na tarehe 9 Julai alitetea kazi yake ya mwisho, juu ya utunzaji wa kitovu cha mtoto mchanga nyumbani, akiwa ameketi kwenye kiti, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Tulimngojea nje na poda, kwa kuwa tuliogopa, na yeye alijua kwa nini tunaogopa, lakini aliusukuma mkono wa Divine pembeni akasema, "Bado. Ile ya kwanza mama alinunua mbele ya jina. Hii tungojee jina." Hakuna aliyethubutu kubishana naye, na mimi ninawaambia ukweli, nilikasirika, nilitaka kummwagia kwa nguvu.

Alilala katika Bwana siku ya Alhamisi, tarehe 21 Agosti 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Majina yalisomwa jana Jumamosi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kuchoka, wenzake wa chumba cha uzazi waliogawana zamu zake ili asome, majirani Waislamu na Wakristo wa Mikelenge waliopika na kulala nasi matangani, walimu wake, na wafanyakazi wa reli waliosimama na Arsène. Wanafunzi wenzake tunawashukuru kwa namna ya pekee, maana jana, kila aliyesikia jina lake mwenyewe likisomwa alikataa kumwagiwa, wakasema hawawezi kutangulia mbele ya mkuu wao, na ndiyo sababu mnawaona wamesimama pale na mashati masafi.

Jana jina lake lilikuwa la tatu, Ange Feza Kitenge, kwa alama ya distinction, na aliyelisoma ni Bwana Soudi, na ukumbi wote ulisimama. Hakuwepo kulisikia, kwa hiyo ninamsomea mimi, hapa, kwa sauti yote niliyo nayo: Ange Feza Kitenge, mwenye shahada ya licence katika uuguzi.

Mama yetu Jeanne ana kopo mikononi, amelinunua jana baada ya jina, si kabla. Atatangulia yeye, kisha Arsène na watoto, kisha wenzake wa darasa, kisha kila aliyezaliwa mikononi mwake, na hao ni wengi, tutapita taratibu.

Yaya, jina limesomwa. Inamisha kichwa, funga macho, na upumzike kwa amani.