Mrehani Nisioweza Kuunusa

Mnaosalimiana kwa Bwana asifiwe na mnaosalimiana kwa asalaam aleikum, nawaitikia nyote. Wakubwa zangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Mwenyekiti ameniomba nieleze namna ya kupanda viungo ndani ya nyumba, maana wengi mmepita kwangu mkaona makopo dirishani. Nitaeleza. Lakini siwezi kuyaeleza makopo yale bila kusema kilichonifanya niyaweke, na sehemu yake hainipi sifa. Mnivumilie.

Mimi ni mpishi. Nilipika miaka mingi Mikumi, kwenye hoteli moja ya wageni wanaokuja mbugani. Mume wangu alibaki hapa Kilosa na kazi yake ya kutengeneza pikipiki, nami nilikuja nyumbani siku zangu za mapumziko. Jikoni nilisifika kwa pua. Nilikuwa napita mbele ya sufuria iliyofunikwa na kusema, hii ongeza iliki.

Basi nikaugua mafua makali. Nilipopona, pua haikupona. Kitunguu hakinuki, samaki hanuki, sabuni hainuki. Nikadhani ni siku mbili tatu. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Ndugu zangu, nawaambia, sikumwambia mtu. Mpishi asiyenusa ataambiwa nini? Nikawa napika kwa macho na kwa mazoea, na mtu akiniuliza naonaje mchuzi, naufunua, navuta pumzi, nasema uko vizuri.

Nilikuwa na msaidizi, dada mmoja wa Kidodi, mchapakazi, mpole. Jioni moja aliosha masufuria akaondoka, nikabaki mimi kufunga jikoni. Jiko moja la gesi nililiacha wazi bila moto. Gesi ikajaa, nami nimesimama mle mle nafuta meza, sijui lolote. Aliyeniokoa ni mlinzi aliyepita nje akaisikia harufu. Angetangulia mtu na kiberiti, leo nisingekuwa mbele yenu.

Asubuhi bosi akauliza nani aliacha gesi wazi. Nikasema ni yule dada.

Alifukuzwa siku ile ile. Aliniangalia tu, akakunja aproni yake, akaiweka mezani, akaenda.

Hata hivyo uongo ule haukunisaidia. Baada ya muda mfupi niliwapelekea wageni chai ya maziwa yaliyochacha, nami nikaachishwa kazi. Nikarudi kwa mume wangu na begi moja. Yeye nilimweleza habari ya pua. Ya yule dada sikumweleza.

Nilikwenda kituo cha afya. Nesi akaniambia kuna watu pua zao hurudi polepole, na kwamba nichague vitu vichache vyenye harufu kali, nivinuse kila asubuhi na jioni, hata nisiposikia kitu, huku nikikumbuka vilikuwa vinanukaje. Nikaamua kuvipanda mwenyewe. Nje haikuwezekana, mbuzi wa pale uani hawabakizi jani. Kwa hiyo nikapanda ndani, kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi: nanaa, mrehani, rozimari na giligilani.

Sikuwa najua kitu. Nilikata makopo ya mafuta, nikajaza udongo mzito wa bondeni, nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Giligilani ilioza kabla haijatoa majani ya pili. Rozimari ikakauka huku imesimama kwenye maji. Mama mwenye nyumba, mtu mzima aliyehamia huku na mifugo yake kutoka kanda ya ziwa, aliingia siku moja akaniangalia nikimwaga maji, akanikataza.

"Unamwagilia kwa woga," alisema. "Tia kidole kwenye udongo kwanza. Ukiwa mbichi, uache."

Akanionyesha kutoboa matundu chini ya kopo, kuchanganya udongo na mchanga na samadi iliyopoa, na kuweka sahani ya kukinga maji. Akaniambia mbegu za giligilani zipondwe kidogo zigawanyike kabla ya kupandwa, na kijiti cha nanaa kikae kwenye glasi ya maji mpaka kitoe mizizi. Na mrehani ukatwe ncha mapema, usiachwe utoe maua, ndipo unachipua majani mengi. Rozimari nilitafuta kijiti kingine nikaanza upya, na safari hii nikaimwagilia mara chache tu. Hayo ndiyo mliyoyafuata leo, nami sina mengine ya ziada.

Mimea ikashika. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mume wangu alinifunga macho kwa kitambaa, akachuma jani, akalisugua, akaniwekea puani nitaje. Sikusikia kitu. Wiki zikaenda. Nilimwonea huruma kwa namna alivyokuwa akingoja, basi asubuhi moja niliposikia hatua zake zimekaribia nikavuta pumzi, nikasema, "Nanaa. Leo nimeisikia."

Akanifungua kitambaa. Kisha akasema taratibu, "Bado sijachuma kitu. Mkono wangu mtupu."

Hakunikemea. Alikaa kitandani kando yangu, akaniuliza kwa nini nimdanganye yeye. Nami, ndugu zangu, sikuwa nikimwona yeye tena. Nilikuwa namwona yule dada akikunja aproni. Nikalia, nikamweleza yote. Akaniambia niende Kidodi.

Nilimkuta kando ya barabara ya malori ya miwa, anakaanga vitumbua. Nikamwambia ni mimi niliyeacha gesi, nikamweleza na habari ya pua. Aliendelea kugeuza vitumbua mpaka vikaisha kwenye kikaango. Kazi ya kule haitaki tena, akasema.

"Ila wale tuliokuwa nao jikoni wananiona mzembe niliyetaka kuwaua. Nenda ukawaambie wao."

Nikaenda Mikumi. Bosi akaniruhusu dakika chache. Nilisimama kati ya meza zile, mbele ya watu niliowafundisha kazi, nikasema. Nilitoka mle nikijua sitarudi kupika pale kamwe, na usingizi mtamu kama wa usiku ule sijawahi kuupata maishani.

Mrehani niliusikia miezi kadhaa baadaye, kwa mbali, kama unatoka nyumba ya pili. Baadaye nanaa. Sisemi pua ilirudi kwa sababu niliungama, nesi alikwisha sema ni suala la muda. Na haijarudi yote. Harufu ya gesi siipati hadi leo.

Namshukuru nesi, na mama mwenye nyumba, na mume wangu aliyesema mkono wake mtupu wakati angeweza kunifurahisha. Na dada wa Kidodi, ambaye hajasema kwamba amenisamehe, lakini nikipita huwa ananikaribisha kiti.

Kwako uliye hapa na umepoteza kitu unachokificha, sema mapema, kabla hujamtwisha mwenzako. Mgahawani ninakopika sasa, siku ya kwanza, kabla sijavaa aproni, niliwaambia mimi sinusi gesi. Wakatazamana. Kisha mmoja akasema atakuwa anakagua yeye kila jioni kabla hatujafunga, akaniuliza naanza na nini.