Theodosia Lihawa, Aliyepiga Simu Kwanza

Marehemu Theodosia Valentino Lihawa alizaliwa Alhamisi, tarehe 29 Mei 1952, katika kijiji cha Ruaha, upande wa Mahenge, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Valentino Lihawa na Mama Levina. Siku hiyo ilikuwa ya kumkumbuka Mtakatifu Theodosia, kwa hiyo padre aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, miaka minne ya mwisho akilala bwenini. Kila Jumamosi wasichana waliandika barua za nyumbani, na Sista Mariana hakukubali bahasha ifungwe kabla mwandishi hajasimama mbele yake. "Haya, nisomee," alikuwa akisema. Mwaka 1965 Theodosia alimwandikia kaka yake Fridolin, aliyekuwa amewachinjia wageni kuku wa pekee wa dada yake. Alisimama, akasoma "Kaka mpendwa, shikamoo," akashindwa kuendelea. Barua ile aliichana mwenyewe. Fridolin, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, hajui hadi leo yaliyokuwamo, wala hakuthubutu kuuliza.

Mwaka 1971 aliajiriwa posta ya Ifakara kuwa opereta wa simu, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na mitano. Huko ndiko alikomfahamu Salvatory, mwendeshaji wa pantoni ya Kivukoni, aliyekuja mara kwa mara kuomba kuunganishwa na Mahenge kuhusu vipuri. Siku moja laini ya Mahenge ilikuwa imekatika. "Leo hakuna njia, nikuunganishe na nani?" akamwuliza. Salvatory akajibu, "Basi niunganishe na wewe." Walifunga ndoa tarehe 13 Septemba 1975. Mungu aliwajalia watoto wawili: Omega, aliyepewa jina hilo kwa sababu wazazi waliamini kwamba amefunga mlango, na Nelly, aliyeufungua tena miaka mitatu baadaye. Salvatory alitangulia mwaka 2009.

Baada ya kustaafu alilima mpunga Mofu. Mwaka 2016, kwa msaada wa Omega, alianzisha kundi la mtandaoni liitwalo Bonde Moja, ili wakulima na wafugaji wa bonde hili wapate mahali pa kupashana habari. Rabia, muuza samaki wa Kivukoni, alitoa taarifa ya kimo cha mto kila asubuhi. Wengine walitangaza misiba, mbegu na ng'ombe waliopotea. Lakini watu walipofika mia sita, matusi nayo yalifika. Mkulima akimwandikia mfugaji, mfugaji akijibu, kila upande ukitishia kujitenga na kufungua kundi lake. Hilo ndilo lililomkosesha Theodosia raha, kwani aliona kwamba wakigawanyika kwenye simu, shambani watakutana wakiwa na fimbo.

Omega aliweka kichujio, yaani programu ya kufuta yenyewe kila ujumbe wenye maneno yaliyokatazwa. Kwa wiki moja kulikuwa na ukimya mzuri. Kisha watukanaji wakajifunza kuandika matusi kwa nukta katikati ya herufi, yakapita. Na bibi mmoja wa Sanje aliyeandika kwamba ametukanwa sokoni na anaomba ushauri, akafutwa yeye.

"Mama, nitaongeza maneno kwenye orodha," Omega alisema.

"Ongeza, mwanangu. Lakini hicho chombo chako, kinajua kuamkia?"

Omega alicheka, akakizima. Theodosia akawateua wasimamizi wanne, wawili wakulima, wawili wafugaji, akawafundisha utaratibu wake. Ujumbe mbaya uliondolewa, kisha msimamizi akampigia simu aliyeuandika. Kwanza salamu, kisha habari za nyumbani, watoto na mifugo. Mwisho kabisa: "Haya, nisomee ulichoandika." Katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyeusoma ujumbe wake hadi mwisho, naye aliomba radhi kabla hajakata simu.

Theodosia mwenyewe aliukiuka utaratibu huo mara moja, na alipenda jambo hilo lisifichwe. Masika ya mwaka 2021, Jumanne moja, akiwa ametoka kliniki amechoka, alikuta ujumbe mkali wa Ngusa, mfugaji wa ng'ambo ya Mofu, akiwaita wakulima wezi. Hakupiga simu. Alimwondoa Ngusa kundini, akalala. Alhamisi asubuhi Rabia alitangaza kwamba mto umepanda ghafla na mifugo itolewe bondeni. Wote waliitoa isipokuwa Ngusa, ambaye hakuupata ujumbe. Maji yalichukua ndama wake sita.

Aliposikia, Theodosia alipanda bodaboda, akiwa na miaka sitini na minane na miguu imevimba, hadi nyumbani kwa Ngusa.

"Shikamoo, mayu," Ngusa alisema kutoka zizini, akimwita mama kwa Kisukuma, bila kusogea. "Umekuja kunifuta na hapa?"

"Marahaba, baba. Nimekuja kusoma."

"Haya, nisomee."

Theodosia alitoa simu yake, akasoma kwa sauti: "Theodosia amemwondoa Ngusa." Akaanza kusoma tena, akashindwa kuendelea.

Ngusa alitoka zizini. Kisha akamwita mkewe, Stumai, alete kiti na maziwa. Alikubali kurudi kundini kwa sharti moja, nalo liliandikwa juu kabisa ya kundi, ambako lipo hadi leo: *Mtu haondolewi kabla hajapigiwa simu.* Mwaka uliofuata akawa msimamizi. Kundi halikugawanyika. Leo lina watu elfu moja na arobaini, nao wangali wakibishana.

Marehemu aliugua moyo kwa miaka mitano, bila manung'uniko. Februari mwaka huu wa 2025 alilazwa. Ngusa alipokuja kumwona, kulikuwa na ugomvi kundini, akampigia mhusika palepale kando ya kitanda. "Marahaba, kijana. Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je? Haya, nisomee." Theodosia alisikiliza, akamkabidhi Nelly simu yake na kusema, "Iweke. Kazi imepata mwenyewe." Jumamosi, tarehe 8 Machi, saa moja asubuhi, aliitwa, akaitika. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Jana, wakati wa kuandaa ratiba hii, Omega aliuliza kama jina la mama yake liondolewe sasa kwenye orodha ya wasimamizi.

"Kanuni inasemaje?" Ngusa alimwuliza.

"Apigiwe kwanza."

"Basi mpigie."

Jina lake limebaki.

Ameacha kaka mmoja, Fridolin, watoto wawili, Omega na Nelly, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Elineema, na watu elfu moja na arobaini wa Bonde Moja, ambao wengi wao leo wameonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza, hapa kaburini pake, wakaamkiana.

Bwana aliyemwita kwa jina amlaze mahali penye utulivu, naye astarehe hapo kwa amani. Amina.